Nauli ya Shabiki Si Kazi ya Gavana

Mwishoni mwa Julai 2025 serikali ya Kinshasa ilifunga mkataba wa miaka minne na FC Barcelona, wenye thamani inayozidi yuro milioni 40, ili jina la Kongo na maneno ya kuiita nchi yetu moyo wa Afrika yakae mgongoni mwa fulana za mazoezi za timu hiyo. Milan na Monaco nao walipata mikataba yao. Mwaka huohuo Goma ilikuwa imetekwa Januari, na Bukavu Februari. Sina haja ya kueleza kwa nini watu wa Lubumbashi walikasirika. Mimi pia nilikasirika, na hasira hiyo haijaisha.

Kinachonikera zaidi, hata hivyo, ni dawa iliyozaliwa na hasira hiyo. Vijiweni na ndani ya teksi-basi hoja inayorudiwa ni ileile: kama hazina ina pesa za fulana za Wahispania, basi serikali, au walau jimbo, iwalipie mashabiki wa hapa nyumbani nauli ya uwanjani. Mabasi ya bure siku ya mechi, au nusu nauli kwa mwenye tiketi. Ukiisikia unaona ni haki tupu. Kwa Lubumbashi ni wazo baya, na ubaya wake hauko kwenye gharama.

Shida yenyewe ni ya kweli, siikatai. Mechi ya TP Mazembe uwanjani Kamalondo ikianza saa tisa na nusu alasiri, kwenda hakumsumbui mtu. Wa komini za Kenya na Katuba wanakuja kwa miguu, nyeusi na nyeupe mwilini, nyimbo njia nzima. Kazi iko kwenye kurudi, na hasa kwa yule wa Ruashi au wa pembezoni mwa Annexe. Filimbi ya mwisho ikilia, maelfu wanamwagika barabarani kwa pamoja, na papo hapo teksi-basi zinabadilisha sheria. Hiace iliyokwenda moja kwa moja asubuhi sasa inakatisha safari katikati: abiria wanashushwa, kisha wanalipa tena ili wamalizie njia. Kinshasa wanaita demi-terrain, na huku tabia hiyo haina uhaba. Benchi la watatu mnakaa wanne. Receveur ananing'inia mlangoni, anapiga bati kwa kiganja: "Papa, songa kidogo, nafasi ya mtoto ingaliko," na huyo mtoto ni jitu la kilo tisini lenye vuvuzela. Asiye na nauli ya mara mbili anatembea gizani, na giza la Lubumbashi siku SNEL imekata umeme si la kuchezea.

Wanaotaka ruzuku wana hoja zao, nami nitazitaja. Ya kwanza ni usalama. Tarehe 11 Mei 2014, kwenye mechi ya AS Vita Club na TP Mazembe katika uwanja wa Tata Raphaël, Kinshasa, watu 15 walikufa katika mkanyagano. Kwa hiyo, wanasema, umati ukiondolewa kwa mpango maisha yataokolewa. Huenda, ingawa siku ile umati ulianza kukanyagana uwanjani kwenyewe, baada ya fujo na mabomu ya machozi ya polisi, na sijui basi gani lingewasaidia waliokuwa wamebanwa mle ndani. Ya pili ni mifano ya nje. Katika Kombe la Dunia la 2022 Qatar iliwapandisha mashabiki metro bure. Katika Euro 2024 kila tiketi ya mechi Ujerumani ilikuja na saa 36 za kupanda usafiri wa umma. Mifano mizuri, ila metro ya Doha ilikuwapo kabla ya mashabiki na imebaki baada yao. Na huko Ujerumani, kwenye mechi za kawaida za ligi, klabu nyingi huuza tiketi ya uwanjani ambayo ndani yake mna nauli: shabiki na klabu wanalipa, kampuni ya usafiri inapokea chake, biashara imeisha. Hakuna waziri anayesimama mlangoni mwa tramu akipiga picha. Ya tatu ni kwamba vijana wanahitaji burudani. Sawa.

Sasa tuje kwenye swali ambalo watetezi wa mabasi ya bure wanalikwepa: klabu hizi ni za nani?

TP Mazembe inaongozwa na Moïse Katumbi tangu 1997. Kuanzia 2007 hadi 2015 mtu huyohuyo alikuwa gavana wa Katanga. Ilikuwa miaka mitamu, nani atakataa: Ligi ya Mabingwa ya Afrika 2009, tena 2010, fainali ya Kombe la Dunia la Klabu Abu Dhabi dhidi ya Inter, kisha 2011 uwanja mpya wa Kamalondo wenye viti takriban 18,000. Upande wa pili wa mji wako Lupopo, njano na buluu, klabu ya cheminots iliyoanzishwa 1939. (Klabu ya watu wa reli, katika mji wenye makao makuu ya shirika la reli, SNCC, na katika mjadala wote huu wa kubeba mashabiki hakuna aliyetaja treni.) Jacques Kyabula, aliyechaguliwa gavana wa Haut-Katanga mwaka 2019, alishika pia urais wa Lupopo akiwa bado gavana. Yaani ndani ya miaka isiyofika ishirini mji huu umepata magavana wawili, kila mmoja na klabu yake, na klabu hizo mbili haziwezi hata kukaa meza moja bila kutupiana maneno. Sisemi kwamba yeyote kati yao aliweka mkono kwenye kikapu cha umma. Nasema kikapu chenyewe kimekaa kati ya miguu yao.

Ukilijua hilo, lisome tena pendekezo la ruzuku. Jimbo linalipa nauli za mashabiki. Chukua gavana aliye pia rais wa Lupopo. Siku Lupopo ikicheza nyumbani, anasaini hati ya malipo asubuhi kama gavana, na alasiri umati uliopanda mabasi hayo unaimba jina lake kama rais wa klabu. Wiki inayofuata ni zamu ya Mazembe. Sasa gavana huyohuyo atoe dizeli na madereva ili kukusanya maelfu ya watu mbele ya jukwaa la mpinzani wa kisiasa aliyeshika nafasi ya pili katika uchaguzi wa rais wa Desemba 2023. Nani anaamini mabasi yatafika? Hakuna atakayekataza. Dizeli itakuwa imechelewa, magari mawili yatakuwa gereji, dereva atakuwa amefiwa. Mtu wa Ruashi atabaki kituoni na tiketi yake mkononi, na hakutakuwa na karatasi popote inayosema amenyimwa.

Geuza meza uone upande wa pili. Tuseme ruzuku hii ingeanzishwa 2010, gavana akiwa Katumbi. Mashabiki wa Lupopo wangeinuka, na wangekuwa na haki: kodi ya muuza mikate wa Kenya, anayelala na bendera ya njano na buluu, inalipia umati wa Corbeaux wa Mazembe. Halafu inafika 2015. Katanga inakatwa vipande vinne. Septemba, Katumbi anaachana na chama tawala na kiti cha ugavana. Mei 2016 wafuasi wake wanakusanyika alipoitwa kuhojiwa mahakamani hapa Lubumbashi, polisi wanafyatua mabomu ya machozi, na siku chache baadaye yuko nje ya nchi. Agosti 2018 anazuiwa kuvuka mpaka wa Kasumbalesa. Muda wote huo Mazembe inacheza Kamalondo. Niambie, katika miezi ile, basi la jimbo lingewabeba watu waliovaa nyeusi na nyeupe kuwapeleka mahali wanapokusanyika kwa maelfu? Lingekatwa siku ya kwanza. Na kukatwa kwake kungekuwa adhabu kwa watu ambao kosa lao ni kupenda mpira.

Ndiyo maana nasema tatizo haliko kwenye tabia ya gavana fulani. Hata ukimweka malaika pale kwenye ofisi ya jimbo, akilipa ataambiwa amenunua watu, akikataa ataambiwa analipiza kisasi, na pande zote mbili zitakuwa na ushahidi wa kutosha. Na malaika hawagombei ugavana.

Halafu kuna orodha. Ruzuku ya mashabiki inamtaka mtu aamue shabiki ni nani. Ukisema mwenye tiketi, tiketi zinanunuliwa mia kwa mia na mwenye pesa, kisha zinagawiwa mtaani pamoja na fulana yenye sura yake. Ukisema wanachama wa kamati za mashabiki, umempa kiongozi wa kila tawi mamlaka ya kuandika majina, na kila aliyewahi kuishi mji huu anajua jina likiandikwa linataka kitu kidogo. Wakati wa kampeni tumeyaona malori ya benne yakipita mtaani, vijana wamesimama nyuma wamebanana, fulana mpya bado zina mikunjo ya mfukoni, na mtu mmoja mwenye daftari ameketi mbele na dereva. Yule mwenye daftari ndiye mwenye siku. Ruzuku ya nauli itampa kazi kila wiki badala ya kila miaka mitano.

Na shabiki wa timu ipi? Wanawake wa TP Mazembe walitwaa Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika mwaka 2024 kwa kuwafunga AS FAR, huko huko Morocco. Ningependa kusikia ni mtetezi gani wa mabasi ya bure aliyekuwa na mechi zao akilini.

Wakibanwa hapo, wanakuja na jibu la mwisho: tuunde kamati huru. Hapa uvumilivu wangu unaisha. Kamati huru itateuliwa na nani? Itakaa ofisi ya nani? Posho ya vikao italipwa na nani? Tunayo Transco ya Kinshasa, iliyozinduliwa 2013 kwa mabasi mapya na hotuba ndefu, na ile haikuhusu mpira wala rangi ya mtu. Ilikuwa ya kuwapeleka watu kazini tu. Hata hivyo magari yalikufa moja baada ya jingine, na wafanyakazi wamegoma zaidi ya mara moja kwa kudai mishahara ya miezi iliyopita. Kama dola limeshindwa kutunza basi lisilo na adui, litatunzaje basi lenye nusu ya mji dhidi yake? Anayeniambia kamati huru itaweza, aniambie kwanza kamati huru moja tu katika jimbo hili iliyowahi kumnyima gavana kitu.

Pesa zipo, kwa hiyo tusijifiche nyuma ya umaskini. Kwa sheria ya madini ya 2018, asilimia 25 ya mrabaha wa madini ni ya jimbo na asilimia 15 ni ya miji, komini na maeneo mengine ya chini yanakochimbwa. Haut-Katanga si jimbo la kuomba. Pesa hizo zikiwekwa kwenye basi, ziwekwe kwenye basi la kila mtu: njia ya Ruashi hadi mjini, njia ya Katuba, njia ya Kasapa, nauli moja iliyobandikwa mlangoni, kuanzia alfajiri hadi saa nne usiku, Jumatatu hadi Jumapili. Mama anayetoka sokoni na gunia la unga apande. Mwanafunzi wa chuo apande. Muuguzi wa zamu ya usiku apande, na shabiki apande pamoja nao, kwa nauli ileile, awe na fulana ya Corbeaux, ya cheminots au asiwe na fulana kabisa. Basi la namna hiyo gavana hawezi kulificha gereji siku ya Mazembe, kwa sababu mama wa unga naye atakuwa kituoni, na huyo hana simile.

Klabu nazo zinaweza kufanya kama Wajerumani. Siku njia hizo zikiwapo, Mazembe au Lupopo inunue nauli za mashabiki wake kwa jumla, iziweke ndani ya bei ya tiketi, na imlipe mwenye mabasi kwa stakabadhi. Na kama rais wa klabu hataki kusubiri, hakuna sheria inayomzuia. Anunue mabasi yake, ayapake rangi anayotaka, aandike jina lake ubavuni kwa herufi kubwa kadiri bati litakavyoruhusu, na dizeli ajaze kwa pesa yake mwenyewe.