Gari la biashara likigongwa, usichague gereji kwa picha

Wauzaji wenzangu, leo naongelea gari. Najua wengi hapa mnatuma mizigo kwa boda na mabasi, lakini tupo tuliojichanga tukapata Probox, Noah au kirikuu ya kusambazia oda, na siku likigongwa ndiyo unagundua kumbe kuchagua fundi bodi nako ni kazi. Naona watu wanachagua gereji kwa kuangalia stetasi. Picha ya kushoto gari limebonyea, picha ya kulia linang'aa kama limeshuka melini leo. Jamani, sisi si ndiyo watu wa picha? Tunajua mwanga wa asubuhi unavyopendezesha kitenge. Tunajua picha haionyeshi mshono wa ndani. Sasa iweje ikija zamu ya gari la mamilioni tunaamini mng'ao?

Msimamo wangu ni huu: fundi bodi anachaguliwa kwa kazi aliyoifanya mwaka jana, siyo aliyoimaliza jana. Na fundi anayekuita uone bati kabla hajapaka puti, hata kama anafanyia kazi chini ya mwarobaini, namwamini kuliko gereji yenye geti na bango inayokuambia "acha funguo, njoo Ijumaa".

Ila kabla hujatafuta fundi yeyote, jiulize kama hilo pigo linahitaji fundi sasa hivi. Hapa najua tutabishana. Gari la biashara siyo la harusi. Mbonyeo wa ubavuni ambao haugusi tairi, haugusi taa, mlango unafunga vizuri na rangi haijachubuka mpaka kwenye bati, mimi nauacha. Laki tatu hiyo naongezea mzigo. Kama bati limeonekana, piga msasa utoe kutu, paka praima na rangi kidogo, endelea na kazi. Mteja wako anataka mchele wake ufike, haji kukagua ubavu wa gari.

Usichotakiwa kuacha ni vile vinavyogusa usalama na mzigo. Fenda inayosugua tairi. Taa iliyolegea. Boneti ambayo haishiki vizuri, maana ikifunguka ukiwa kwenye mwendo hapa barabara kuu ya Dodoma hutaona mbele. Na mlango wa nyuma usiobana! Huo watu wanaudharau sana. Sisi wa Kintinku ukiiacha lami tu ni vumbi, na vumbi linapita kwenye upenyo mwembamba kama kucha. Madumu ya alizeti yanafika mekundu, viroba vya mchele vinafika kama vimefukuliwa. Kibaya zaidi, moshi wa ekzosi unavutwa ndani kupitia huo huo upenyo, wewe na dereva wako mnauvuta safari nzima. Huo mlango tengeneza hata kama ni wa kukopea.

Sasa uende wapi? Sisi tuko katikati. Kuna mafundi wa hapa hapa na vijiji vya jirani, kuna Manyoni ukipanda mlima, kuna Dodoma mjini. Mazoea ya watu ni kwamba kizuri kiko Dodoma, na anayetaka kujionyesha anasema Dar. Mimi nagawanya hivi. Bati lililobonyea, mlango, fenda, bampa lililopasuka: karibu na nyumbani. Gari lililopigwa mpaka chasisi ikapinda: mjini, kwa mtu mwenye mashine ya kuvutia na vipimo, na hapo usibishane na bei. Utajua limefika huko ukiona usukani unavuta upande mmoja, tairi zinalika upande mmoja, au nafasi kati ya mlango na bodi juu ni nyembamba na chini ni pana. Chasisi haitaki fundi wa kukadiria kwa macho.

Sababu yangu ya kusema karibu siyo uzalendo wa Kintinku. Ni hesabu. Gari likilala mjini siku kumi, oda haziwezi kulala. Tuseme unakodi boda na kulipia mizigo kwenye mabasi, elfu 15 kwa siku. Siku kumi ni 150,000. Ongeza nauli ya kwenda kufuatilia mara mbili, maana fundi asiyekuona anaanza na gari la anayemwona. Hiyo hela haimo kwenye bei uliyotajiwa, lakini inatoka mfukoni kwako. Fundi wa karibu unampitia kila jioni ukitoka kufunga duka. Na fundi anayejua utapita jioni hafichi kitu chini ya puti.

Probox yangu iliwahi kuparamiwa na pikipiki ikiwa imepaki, fenda na taa ya mbele. Niliuliza watu watatu. Wa kwanza, gereji moja ya mjini, alinipa bei kwa picha ya WhatsApp: 250,000, siku mbili, hakuuliza swali hata moja. Wa pili alisema 180,000, naye kwa picha. Wa tatu ni mzee mmoja wa huku kwetu, akanijibu, "Mwanangu, picha sijui kuigonga, lilete." Nikalipeleka. Akafungua plastiki ya ndani ya fenda, akagonga gonga na kidole, akanionyesha kishikio cha taa kimekatika, kitu ambacho kwenye picha hakikuonekana kabisa. Kisha akasema mlango ni mzima, usiguswe. Wale wawili wote walikuwa wameuhesabu mlango. Bei yake 210,000, akaiandika kwenye karatasi ya daftari: kunyoosha, kishikio, praima, rangi. Haikuwa rahisi kuliko zote. Lakini ndiyo bei pekee iliyotolewa na mtu aliyeliona gari.

Kumkagua fundi ambaye humjui, omba akuonyeshe magari mawili aliyoyatengeneza kabla ya masika yaliyopita. Kama puti ilipakwa juu ya kutu, mvua za huku zikipita tu utaona rangi imevimba vipele. Beba na sumaku ndogo, hata ya spika mbovu ya redio, ifunge kwenye kitambaa isikwaruze rangi. Ishikishe kwanza sehemu ambayo haijawahi kuguswa, uone inavyovuta, kisha ipeleke sehemu iliyotengenezwa. Ikivuta kidogo tu au ikidondoka, hapo chini kuna puti nene. Puti kidogo ni kawaida, hata fundi bora anaitumia kusawazisha. Nene ndiyo mbaya: inapasuka kwa mitikisiko ya barabara zetu, maji yanaingia, bati linaoza huku juu kunang'aa. Ila usimwonee fundi wa watu kwa kupima bampa, hilo ni plastiki, sumaku haitashika.

Cheti je? Ni kizuri, na VETA wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani, kwa hiyo uliza. Lakini mimi mwenyewe biashara nimejifunza bila kufundishwa na mtu, siwezi kumkataa mtu kwa karatasi peke yake. Sumaku haiulizi ulisoma wapi.

Kwenye rangi nakubali mjini wametuzidi. Wanachanganya kwa kompyuta, wengine wana oveni. Lakini hata rangi ya mjini unaweza kuiagiza ikaja na basi ukampa fundi wako. Kinachotakiwa ni namba ya rangi, na iko kwenye gari lenyewe. Toyota nyingi zina kibati chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, tafuta palipoandikwa C/TR. 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, 1F7 ni silva. Agiza kwa namba, usiseme "nyeupe ya kawaida", maana nyeupe ziko nyingi. Rangi za lulu na zile zenye chengachenga ni ngumu kulinganisha, hizo sawa, peleka mjini. Na kama fundi anapuliza rangi nje, apulize asubuhi mapema. Mchana wa kiangazi upepo wetu unaleta vumbi lote kwenye rangi mbichi, na siku ya unyevunyevu wa mvua rangi inapata ukungu.

Kama uliyegongwa ni wewe, usikubali kumalizana barabarani kwa elfu hamsini kabla bodi haijafunguliwa. Kumbuka kishikio changu. Bima ndogo ya aliyekugonga ndiyo inayotakiwa kukulipa, wakati bima ndogo yako wewe haigusi gari lako. Hakiki stika yake kwenye mfumo wa TIRA, ita trafiki, na usilitengeneze gari kabla kampuni ya bima haijalikagua. Wenye bima kubwa, ulizeni kampuni yenu kwanza inakubali gereji zipi.

Suala la hela. Mimi natoa ya vifaa kwanza, ya ufundi nusu bati likishanyooka na nimeliona, nusu nikichukua gari. Vifaa vikubwa kama taa nanunua mwenyewe. Kabla ya kuliacha napiga picha kilomita, geji ya mafuta, redio, jeki na tairi ya spea, mbele ya fundi bila kuona aibu. Na kulichukua ni mchana kweupe. Taa ya gereji inaficha tofauti ya rangi kati ya fenda na mlango. Fundi akikupigia saa mbili usiku kwamba limekamilika njoo ulichukue, mshukuru, mwambie utakuja kesho saa nne.