Rufaa ya Kagunga Isisubiri Dharura

Katika kijiji cha Kagunga, kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika karibu kabisa na mpaka wa Burundi, mashaka kwamba mtoto hakui vizuri tumboni huanzia kwenye futikamba, kwani mkunga hupima kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba, na kuanzia takriban wiki ya 24 idadi ya sentimita hukaribiana na idadi ya wiki za ujauzito. Kipimo kikipungua kwa sentimita 3 au zaidi, au kikibaki palepale hudhurio baada ya hudhurio, kuna sababu ya kushuku kudumaa kwa mtoto tumboni, yaani mtoto kushindwa kufikia ukubwa aliojaliwa kuufikia, mara nyingi kwa kuwa kondo la nyuma, linalompitishia hewa na chakula, limedhoofika. Safu hii inashikilia kwamba kwa Kagunga mashaka hayo peke yake yanatosha kumpa mama rufaa.

Ni kweli kwamba futikamba hukosea, hasa pale mama anapofika kliniki mimba ikiwa kubwa na tarehe ya hedhi yake ya mwisho imesahaulika, maana mtoto aliyedumaa na mtoto ambaye umri wake umekadiriwa kupita kiasi hutoa kipimo kilekile. Ndiyo maana mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mahudhurio 8, la kwanza ndani ya wiki 12, pamoja na ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24.

Mkoani Kigoma malaria inastahili kutajwa kabla ya sababu nyingine, kwa kuwa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta vimelea vyake kwa takriban asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano, kiwango kilichozidi cha mikoa mingine yote. Vimelea hivyo hujificha ndani ya kondo la nyuma, hata mama asipohisi homa, na kumpunguzia mtoto lishe. Kwa hiyo vidonge vya SP vya kukinga malaria, vinavyomezwa kliniki kuanzia miezi mitatu ya pili kwa kupishana walau mwezi mmoja, ni sehemu ya kumkuza mtoto. Shinikizo la damu, upungufu wa damu na moshi wa kukaushia samaki navyo humpunja mtoto, na si haki mama kulaumiwa kwamba hali vizuri kabla hivyo havijachunguzwa.

Mtoto akishadumaa, hakuna dawa inayojulikana ya kumkuza akiwa tumboni, wala kumlaza mama kitandani hakujathibitika kusaidia. Tiba yenyewe ni uangalizi: ultrasaundi ya kurudiarudia, upimaji wa mwendo wa damu kwenye kitovu, mama kufuatilia jinsi mtoto anavyocheza, kisha uamuzi wa wakati wa kuzalisha, ambao ukiwahi sana huzaa njiti na ukichelewa huzaa maiti. Uamuzi huo unahitaji hospitali kama ile ya rufaa ya mkoa, Maweni, iliyoko Kigoma mjini.

Kufika huko ndiko kugumu. Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipokwama Kagunga na kipindupindu kikazuka, wengi waliondolewa kwa meli ya MV Liemba, wakipelekwa melini kwa mitumbwi kwa kukosa gati. Mpango wa m-mama wa kusafirisha wajawazito, uliotangazwa kitaifa mwaka 2022 kwa simu ya bure 115, umeleta nafuu kubwa, lakini umelenga dharura, na mtoto aliyedumaa hufa kimya kabla mama hajawa mgonjwa wa dharura. Halmashauri inapaswa kutenga nauli ya boti, kitanda cha kusubiria karibu na Maweni, na chakula cha mama na msindikizaji wake, kwa sababu mwenye watoto wengine nyumbani na dagaa wa kuanika mchangani hawezi kukaa mjini wiki tatu kwa kuambiwa tu kwamba kipimo kimepungua sentimita 3.