Mfumo wa forodha ukizidiwa, mzigo hulala bandarini

Wakala wa forodha anabonyeza kitufe cha kutuma hati, ukurasa unazunguka tu. Asubuhi hati ya aina hiyohiyo ilipita kwa sekunde chache. Dereva yuko kwenye foleni, na mwenye mzigo ameanza kupiga hesabu ya kulaza lori. Jibu linalotolewa kaunta ni lilelile: "Mtandao uko chini."

Wakati mwingine ni kweli. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Lakini iwapo tovuti nyingine zinafunguka vizuri na ukurasa wa forodha peke yake ndio unaokwama, tatizo huenda liko kwenye seva yenyewe.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu Himaya Moja ya Forodha ilipoanza kutumika mwaka 2014. Mzigo wa Uganda hutolewa tamko na kulipiwa kodi ungali Mombasa au Dar es Salaam. Kwa hiyo seva ikielemewa Kampala, kontena hukwama bandarini katika nchi nyingine, na gharama za kuhifadhi zinaendelea kupanda.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba hali hubadilika ghafla. Wenye malori wanaijua hesabu hii kutoka kwenye mizani. Kwa kanuni ya kawaida ya foleni, seva inayotumia asilimia 80 ya uwezo wake, hati ya kazi ya sekunde 1 hutoka baada ya wastani wa sekunde 5. Matumizi yakifika asilimia 95, ni sekunde 20. Kazi imeongezeka kidogo tu, lakini muda umezidi mara nne.

Kinachoisukuma huko huwa ni jambo dogo: diski iliyojaa, ripoti kubwa inayotolewa saa za kazi, au toleo jipya la programu lililowekwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Fundi makini huuliza kwanza ni nini kilichobadilika, kisha hukagua kumbukumbu za seva na hifadhidata. Kuizima na kuiwasha huleta nafuu ya muda, ila hufuta baadhi ya dalili, na kesho yake tatizo hurudi. Mamlaka zinazoridhika na dawa hiyo zinawahamishia wafanyabiashara gharama.

Mawakala nao huchangia. Kubonyeza mara tano ni kutuma maombi matano. La kwanza huenda bado linashughulikiwa, na hati inaweza kuingia mara mbili. Ni afadhali kusubiri, kuandika saa na namba ya hati, na kupiga picha ya skrini. Ankara ya kuhifadhi mzigo inapofika, picha hiyo ndiyo itakayoonyesha hati ilitumwa lini.