Nguzo Zimesimama, Sasa Mafundi Wahesabiwe

Hapana shaka kwamba kazi ya kupeleka umeme vijijini ni miongoni mwa kazi kubwa zilizofanywa na Taifa hili tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza shughuli zake mwaka 2007. Vijiji vya Tanzania Bara ni zaidi ya 12,000, na karibu vyote vimekwisha kufikiwa. Nguvu sasa imeelekezwa kwenye vitongoji, ambavyo idadi yake inapita 64,000. Ada ya kumuunganishia umeme mkulima wa kijijini iliwekwa shilingi 27,000 ili asiachwe nyuma kwa sababu ya unyonge wake. Anayeibeza kazi hii hajapata kukaa kijijini usiku wa giza.

Lakini nguzo haiwashi taa. Baina ya nguzo na taa ipo nyumba, na ndani ya nyumba zimo nyaya, swichi na soketi ambazo sharti zifungwe na mtu anayejua afanyalo. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 haikuiacha kazi hiyo kwa kila mwenye bisibisi mkononi. Inataka ifanywe na fundi mwenye leseni, na leseni hizo hutolewa na EWURA kwa madaraja, kila fundi kwa kadiri ya elimu na uzoefu wake. Kifaa cha Umeme Tayari, yaani UMETA, kimezisaidia nyumba ndogo kuwasha taa bila kutandaziwa nyaya, lakini mwenye nyumba anapoongeza chumba au kufungua kinu cha kusaga, hana budi kumtafuta fundi. Je, fundi huyo yupo?

Swali hili aghalabu hujibiwa kwa kutaja idadi ya leseni zilizomo katika orodha. Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi. Orodha hueleza walioko leo, wala haielezi wanaoingia na wanaotoka. Fundi aliyeacha leseni yake ikaisha muda, kisha akairudisha baada ya msako, huonekana kama ongezeko, hali ni yule yule wa zamani. Kampuni yenye leseni na fundi wake mwenye leseni huweza kuhesabiwa wawili, na kazi wanayoifanya ni moja. Aliyestaafu, aliyehamia biashara nyingine na aliyefariki dunia huendelea kusimama katika orodha mpaka muda wa leseni ukome. Aidha, hesabu ya nchi nzima haimsaidii mwananchi wa wilaya ya pembezoni ikiwa mafundi wengi wamejazana mijini.

Hesabu inayofaa ni nyepesi, na kila mwalimu wa hisabati anaweza kuiandika ubaoni. Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, wilaya yenye mafundi 80 wenye leseni ambayo itahitaji 120 baada ya miaka mitano. Afisa mwenye haraka atasema upungufu ni 40, basi wanatakiwa wapya 8 kwa mwaka. Lakini ikiwa kila mwaka mafundi 5 katika kila 100 huiacha kazi, wilaya hiyo itapoteza kiasi cha mafundi 24 katika muda huo. Hivyo wanaotakiwa kuingia si 40 bali ni 64, karibu 13 kwa mwaka. Na ikiwa katika kila vijana wawili wanaohitimu ni mmoja tu anayepata leseni na kubaki wilayani, vyuo havina budi kuihitimishia wilaya hiyo vijana 26 kila mwaka. Makisio ya kwanza yalikuwa 8. Tofauti hiyo ndiyo nyumba zitakazokaa gizani, au zitakazofungiwa nyaya na kishoka.

Kishoka hana haja ya kuelezwa kwa wananchi. Huja jioni, hudai nusu ya bei, hutumia nyaya nyembamba, huacha waya wa ethi, kisha huazima muhuri wa mwenye leseni ili fomu ipokelewe. Nyumba inapoungua hapatikani. Kumkamata ni jambo la haki. Lakini pale ambapo fundi halali hayupo kwa mwendo wa siku nzima, kumkamata kishoka mmoja ni kumfungulia njia wa pili. Vile vile kufundisha vijana bila hesabu ni hatari, kwani kijana mwenye cheti asiye na kazi wala aliyemwongoza hata akapata leseni, ndiye kishoka wa kesho.

Taifa hili halikosi mfano wa kuiga. Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1964, uliweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu wake. Shabaha hiyo haikutoka hewani. Ilitanguliwa na uchunguzi wa nguvukazi ya wataalamu, uliotazama kazi zilizokuwapo, waliozishika na watakaohitajika baadaye. Ikiwa nchi changa iliweza kufanya hesabu hiyo kwa kalamu na karatasi, haiwezi kushindwa leo yenye kompyuta katika kila halmashauri.

Mambo yanayotakiwa si mengi. EWURA inazo leseni, VETA inao wanafunzi, na TANESCO inayo maombi ya wateja wapya. Daftari hizo tatu zikisomwa pamoja kila mwaka, wilaya kwa wilaya, zitaonyesha waliopata leseni kwa mara ya kwanza, wasioihuisha, umri wa waliopo na mahali wanapofanyia kazi. Afisa mipango wa wilaya aidai taarifa hiyo kabla ya kuandika bajeti. Mwalimu wa sekondari, ambaye tangu mwaka 2024 anao mkondo wa amali shuleni, aitumie anapowashauri vijana wake. Na wote wakumbuke kwamba fundi hutengenezwa kwa miaka, si kwa tangazo. Anayetakiwa miaka mitatu ijayo, yafaa aanze masomo sasa.

Chama kimewaahidi wananchi mwanga, na mwanga umefika mlangoni. Kuuingiza ndani kwa usalama ni kazi ya mikono yenye ujuzi, na mikono hiyo lazima ijulikane idadi. Wahenga walikwisha kuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.