Kabla Hujalipa Karo ya Kozi Mpya, Punguza Kitu Kwanza

Wengi wetu tuliomaliza chuo miaka michache iliyopita tunawaza kurudi darasani. Aliyesomea masoko kama mimi anaangalia kozi ya uchambuzi wa data. Mwalimu anataka kusomea sheria. Karani anataka CPA. Hakuna ubaya. Shida ni kwamba wazo hili linakuja wakati tayari tumejaa: kazi ya wiki nzima, kibarua cha Jumamosi, vyama viwili, kamati ya harusi kwenye WhatsApp, na wazazi wanaotegemea kitu kidogo kila mwisho wa mwezi.

Ushauri tunaopewa ni ule ule: jikaze, amka saa kumi alfajiri. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyejaa anahitaji nafasi kwanza, na nafasi hupatikana kwa kupunguza kitu.

Tuchukue mfano. Unabaki na shilingi 45,000 mkononi baada ya makato. Kodi ya nyumba 12,000, chakula na gesi 9,000, nauli 6,000, nyumbani 5,000, vyama viwili 5,000, HELB 3,500, stima, maji na bando 2,500. Jumla ni 43,000. Unabaki na 2,000, na bado hujaugua wala simu haijaanguka. Sasa kozi unayoitaka ni 32,000 kwa muhula wa miezi minne, yaani 8,000 kila mwezi. Hata ukitoa zile 2,000 zote, kuna pengo la 6,000.

Hapo ndipo watu hukimbilia mkopo wa simu. Tafadhali usifanye hivyo. Mkopo wa siku 30 unafaa dharura ya siku chache. Kozi ni ya mwaka au miwili, na mshahara mpya unaoutarajia hauji mwezi ujao. Utakopa kulipa mkopo, na katikati ya muhula utaacha masomo huku deni likibaki.

Pengo hilo linaweza kuzibwa ukiamua mapema. Kwanza, toka kwenye chama kimoja, kile cha 2,000. Lakini toka vizuri: maliza mzunguko na uwaambie wenzako mapema. Ukishapokea pesa za zamu yako, usipotee. Pili, zungumza na wazazi kabla ya kuanza, si baada ya kukwama. "Mama, nitatuma 3,000 badala ya 5,000 mpaka nimalize muhula" ni maneno magumu kusema, lakini mzazi ataumia zaidi simu yako ikianza kuzimwa kila tarehe 30. Tatu, beba chakula cha mchana. Ukiokoa shilingi 100 kwa siku 20 za kazi, hizo ni 2,000 nyingine.

HELB usiiguse. Sheria inataka uanze kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na faini ya kutolipa ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Hiyo peke yake ni zaidi ya nusu ya karo yetu ya mwezi.

Halafu fanya mazoezi. Kwa miezi mitatu, siku ya mshahara, weka 8,000 kwenye akiba ya simu kana kwamba tayari unasoma. Jumanne na Alhamisi jioni, kuanzia saa moja hadi saa tatu, keti chini usome vitu vya bure vya kozi hiyo. Ukiweza, utakuwa na 24,000 mkononi na utajua mwili wako unahimili. Ukishindwa, pesa bado ni zako. Afadhali kujua hivyo kabla ya kulipa karo isiyorudishwa.

Kama nauli na muda ndiyo shida, angalia pia masomo ya mtandaoni. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023, kinafundisha hivyo.

Siku ya kulipa ikifika, hakikisha chuo kimeidhinishwa: vyuo vikuu ni kwa CUE, vyuo vya kiufundi ni kwa TVETA. Lipa kwa Paybill ya chuo chenyewe, usitume kwa nambari ya mtu anayejiita afisa wa usajili. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo, na uhifadhi ujumbe wa malipo.

Leo jioni, fungua taarifa ya akaunti yako ya miezi mitatu. Pitia kila pesa iliyotoka na ujiulize ipi inaweza kusimama kwa muhula mmoja. Kama hakuna hata moja, subiri muhula ujao. Kozi itakuwepo.