Mshtaki Akiwa Ndiye Hakimu

Mkulima mwenye ugomvi wa mpaka hakubali kamwe kwamba jirani yake, ambaye ndiye aliyeng'oa alama, awe pia mwamuzi. Jambo hili ni wazi kwa kila mtu. Lakini kulitia katika sheria za nchi kuliwachukua Waingereza miaka mingi.

Katika mwaka 1606 daktari mmoja, Thomas Bonham, aliyesoma Cambridge, alikuwa akitibu wagonjwa mjini London bila kibali cha Chama cha Madaktari. Chama kilimwita, kikamtoza faini ya pauni 5. Alipoendelea na kazi yake kilimtoza pauni 10, kisha kikamtia gerezani. Na nusu ya faini za namna hiyo, kwa sheria iliyokuwapo, iliingia katika mfuko wa Chama chenyewe! Bonham alishtaki, na mwaka 1610 Jaji Edward Coke akampa haki yake: Chama hakiwezi kuwa mshtaki, na hakimu, na mlaji wa faini.

Coke hakumwogopa hata Mfalme. Mwaka 1607 alikuwa amekwisha kumwambia James wa Kwanza kwamba Mfalme hana ruhusa ya kuketi mwenyewe na kukata mashauri ya watu, kwa kuwa sheria hujulikana kwa kujifunza miaka mingi, wala akili ya kuzaliwa haitoshi. Mfalme alikasirika mno. Baada ya mabishano mengine, mwaka 1616 akamwondoa Coke katika kiti chake.

Hapo ndipo udhaifu ulipoonekana. Hakimu awezaye kufukuzwa na mmoja wa wenye shauri atatoaje hukumu bila hofu? John Locke aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1689 kwamba watu huunda serikali ili wapate mwamuzi wa wote, maana kila ajiamuliaye hujipendelea. Fikira njema, lakini fikira haimlindi mtu na kazi yake. Iliyomlinda ni sheria ya mwaka 1701: mshahara wa jaji uwekwe wazi, naye aondolewe tu kwa ombi la mabaraza yote mawili ya Bunge.

Kenya nayo ilirithi kanuni hiyo, na iliwahi kuiacha. Mwaka 1988 katiba ilibadilishwa, majaji wakanyimwa ulinzi huo. Ukarudishwa mwaka 1990. Kwa Katiba ya mwaka 2010, Rais hawezi kumwondoa jaji mpaka jopo maalumu limchunguze na kupendekeza hivyo, wala mshahara wake haupunguzwi.