Boksi Halijafa

Lori likizima kwenye mlima Kitonga na mzigo wa Lubumbashi mgongoni, hukumu hutoka kabla boneti haijafunguliwa vizuri: kontroli boksi limekufa. Fundi wa kwanza kufika anasema hivyo. Dereva anampigia tajiri, naye anarudia hivyo hivyo. Tajiri, ambaye kila gari linapolala njiani anahesabu hasara, anaanza kuulizia bei kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, na kufikia jioni boksi la mtumba "lililotoka kwenye gari zima kabisa" limeshapakiwa kwenye basi la mkoani. Hakuna aliyepima volti hata moja.

Naipinga hukumu hiyo kwa sababu imeshakuwa imani, na imani haiulizwi ushahidi. Watu wamekubaliana kwamba kompyuta ya injini ndiyo kiungo legevu cha lori la kisasa, yaani kitu cha Ulaya kisichojua vumbi letu. Si kweli. Injini ya Detroit Diesel Series 60 ilitoka mwaka 1987 ikidhibitiwa na kompyuta tangu kiwandani, kwa hiyo teknolojia hii imeshatembea barabara mbovu za kila aina. Kwenye Volvo D13 dizeli yenyewe hupitishwa nyuma ya boksi ili kulipooza. Waliolifunga ubavuni mwa injini walijua hapo pana joto na mtikisiko. Kilicho dhaifu ni vinavyolizunguka: nyaya, pini, athi na betri.

Tuanze na umeme, maana hapo ndipo ninapogombana na mafundi wengi. Fundi anagusisha mita kwenye pini ya plagi, inasoma volti 24, anatangaza kuwa moto unafika. Lakini mita haivuti umeme wa maana. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba, nyingine zote zimeliwa na kutu ya kijani, utaionyesha mita volti 24 kamili bila aibu. Upe waya huo kazi uone kama zitabaki. Chukua taa ya indiketa ya volti 24, wati 21, iunganishe vipande viwili vya waya. Chomoa plagi ya boksi, washa swichi, kisha gusisha taa kati ya pini ya moto na pini ya athi. (Usichomeke msumari. Pini ikipanuka umeongeza ugonjwa mwingine.) Taa hiyo haivuti hata amperi moja. Ikiwaka hafifu, boksi linalotakiwa kufungua nozeli zinazodai amperi nyingi kwa kufumba na kufumbua litatoa wapi nguvu? Lori litamisi, litazima mlimani, litawaka asubuhi na kugoma mchana, na lawama zote zitaliangukia boksi ambalo kosa lake ni kunyimwa chakula.

Upande wa athi ndio husahaulika zaidi. Rudisha plagi, kisha weka mita kati ya pini ya athi, kwa nyuma ya plagi, na ncha hasi ya betri huku stata ikizunguka. Ukisoma zaidi ya nusu volti, tafuta boliti iliyopakwa rangi, kebo iliyolika au chesisi iliyoota kutu chini ya waya. Halafu tazama betri zenyewe. Ni mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, na malori mengi ninayoyaona yana moja mpya na moja ya zamani. Juu ya hayo utingo ameshavuta waya kutoka betri moja tu kwa ajili ya redio na chaji ya simu. Betri hiyo haishibi kamwe, na siku ya baridi ya Makambako stata ikizunguka, volti zinashuka hadi boksi linapoteza fahamu. Nalo likizinduka linasemwa limekufa.

Hoja ya pili huletwa na mashine ya kupimia. Imeonyesha hitilafu kumi na kitu kwa mpigo: presha ya oili, presha ya turbo, pedali ya mafuta. Fundi anauliza, sensa zote hizo zitakufaje siku moja kama si boksi? Anasahau kwamba sensa nyingi hugawana waya mmoja wa volti 5 unaotoka kwenye boksi hilo. Sensa moja ikipiga shoti, au waya wake ukisuguliwa na bomba hadi ukagusa bodi, inazivuta nyingine zote chini. Chomoa sensa moja moja ukitazama volti 5 zinarudi lini. Utakayoichomoa zikarudi ndiyo yenye kosa. Mashine ikikataa kabisa kuongea na boksi, nalo si tangazo la msiba. Kwenye mtandao wa J1939, unaounganisha kompyuta za gari, kuna rezista mbili za omu 120, moja kila mwisho. Zima umeme, pima kati ya nyaya mbili za mtandao. Omu 60 ni salama. Ukipata 120, upande mmoja umekatika, na ukikaribia sifuri, nyaya zimegusana.

Najua jibu ninaloandaliwa: "Mbona mimi nilibadilisha boksi na gari likapona?" Nakubali lilipona. Ila ili ubadilishe boksi, ulichomoa plagi zake na kuzirudisha, na pini zenye kutu zikasuguana zikang'aa. Ulilegeza waya wa athi ukaukaza upya. Ulitoa ncha za betri. Inawezekana ulitibu ugonjwa wenyewe bila kujua, ukalipia dawa isiyohusika. Namna ya kuthibitisha ni rahisi, nayo haifanywi: lirudishe boksi la zamani. Gari likiendelea kunguruma, umenunua boksi bure.

Sisemi kwamba boksi halifi. Linakufa, ila mara nyingi huuawa. Fundi wa kuchomelea anaunga chesisi huku plagi na betri zote zimefungwa, na kibanio cha athi amekibana mbali kabisa na anapochomea, umeme ukipita njia unayoitaka wenyewe. Dereva wa kizamani anachomoa ncha ya betri injini ikiwaka ili "kuipima oltaneta", na volti zinaruka juu kwa kishindo. Kijana wa kuosha anaelekeza maji ya presha kwenye plagi. Au koili ya nozeli imepiga shoti na kuunguza transista inayoiendesha. Huyu wa mwisho ndiye mbaya zaidi, kwa kuwa nozeli ikibaki pale pale, boksi jipya litaungua kwa namna ile ile, na safari hii muuzaji atasema hana dhamana ya vitu vya umeme.

Na tukishakubali kwamba limekufa kweli, lile la mtumba halichomekwi tu likaenda. Kwenye Scania, boksi la injini na kompyuta kuu ya gari hutambuana kwa siri ya kuzuia wizi. Lisilotambulika haliwashi. Nozeli za umeme nyingi huwa na namba zilizochapwa juu yake, kila moja ya kwake, ambazo lazima ziandikwe kwenye boksi. Usipoziandika, injini inatikisika na kutoa moshi, kisha mnaanza kununua nozeli. Boksi la injini ya nguvu nyingine nalo litaingia kwenye soketi vizuri kabisa, na litamwaga mafuta kwa kipimo cha gari la watu.

Kwa hiyo tajiri, kabla hujatuma hela, dai karatasi yenye vipimo: volti za moto taa ikiwa imewaka, volti za athi stata ikizunguka, volti 5 za sensa, omu za mtandao. Fundi asiyeweza kuviandika hajapima. Ukilazimika kubadilisha, data za boksi la zamani zinyonywe kwanza ziingizwe kwenye jipya. Na hilo la zamani ulichukue uende nalo nyumbani, usimwachie fundi, kwa sababu yako mengi yaliyotangazwa maiti ambayo hayana ugonjwa wowote, na yakifutwa vumbi yanauzwa kwa tajiri mwingine kama boksi lililotoka kwenye gari zima kabisa.